Msiba wa Kamanda Kiwiko

Mikidadi alikuwa na koti moja na vyeo vingi. Koti lilikuwa la mtumba, la bluu, lenye vifungo vinavyong'aa, na kila alipolivaa cheo kilimjia chenyewe. Pale stendi ya Msamvu aliwahi kuwa mkaguzi wa mizani. Kwa wakulima wa mchicha kando ya Mto Morogoro aliwahi kuwa wakala wa bima ya mafuriko. Kihonda alikuwa daktari wa mbuzi tangu asubuhi hadi adhuhuri, na angeendelea na udaktari kama mbuzi wa kwanza asingefariki. Hakuwahi kuiba maishani mwake, na alipenda hilo lijulikane. Watu walimpa wenyewe, na wengine walimshukuru.

Bila koti, hata hivyo, alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani ya vioo vitupu, ambaye vijana wa bodaboda walimwita "oya". Hilo la "oya" lilimuuma sana. Kuna fremu moja ya duka aliiona Msamvu, yenye mlango wa kioo na kiti cha kuzunguka, na tangu aione hakulala vizuri. Akiketi kwenye kile kiti, akauza simu na chaji, nani atathubutu kumwita oya? Watapita wakimwamkia shikamoo, naye ataitikia huku anazunguka. Kwa ajili ya kiti hicho Mikidadi alikuwa tayari kumlaghai hata malaika aliye zamu.

Siku aliyoingia kwenye kibanda cha video cha Mama Editha, kule Kilakala, hakuwa akitafuta riziki. Alikuwa akimkimbia mama mmoja ambaye yeye alikuwa amemuuzia dawa ya kuotesha nywele, na ambaye sasa alikuwa akimtafuta akiwa amejifunga kilemba na ameshika mwiko. Mikidadi alipenya pazia la gunia, akaketi benchi la nyuma kwenye giza, akashusha pumzi.

Ndani palikuwa pamejaa. Walikuwa wakitazama sizoni iitwayo *Mshale wa Saa*, ambayo mji mzima wakati huo ulikuwa ukiizungumza. Ilikuwa na mtindo wake. Kila kipande kilichukua saa moja, na kila kilichotendeka ndani yake kilichukua saa moja ileile, bila kuruka hata hatua. Mtu akipanda ngazi, unapanda naye. Akisubiri lifti, mnasubiri wote. Pembeni mwa skrini saa ilikuwa ikikimbia, na mahali fulani mjini kulikuwa na bomu. Wa kulizuia alikuwa kamanda mmoja wa ng'ambo mwenye jina lisilotamkika, na kwa kuwa mkono mmoja daima ulishika simu na wa pili bastola, milango yote aliifungua kwa kiwiko. Basi Kilakala wakamwita Kiwiko, wakamaliza.

"Huyu mtu hajala tangu kipande cha kwanza," alisema Bartholomeo, mnunuzi wa karanga kutoka Gairo, mtu mnene mwenye sauti nzito. "Mimi mtu asiyekula simwamini na bastola."

"Ale saa ngapi, na bomu linahesabu?" akadakia Castory, mstaafu wa kiwanda cha nguo, ambaye siku hizi alifuga bata na kubishana. "Wewe ungekuwa Kiwiko, mji ungelipuka uko kwenye supu."

"Na simu yake je? Haiishi chaji? Yangu nikifika Dumila imeshazima."

"Hayo madogo," ilisema sauti ya bibi kizee kutoka benchi la mbele. "Nyie mtazameni bosi wake. Watu wanakufa, yeye anamimina kahawa. Huyo ndiye msaliti. Nimesema tangu mwanzo na nitazikwa nikisema."

Huyo alikuwa Bibi Asia, muuza ndizi na mafenesi, ambaye hakulipa kiingilio kwa sababu Mama Editha aliuogopa mdomo wake. Pembeni yake aliketi Mzee Twalibu wa Kinole, mwenye stoo ya viungo karibu na soko, mzee mpole mwenye kofia ya kufuma. Mzee Twalibu alikuwa ndiyo kwanza anakipeleka mdomoni kipande cha muhogo wa kuchoma. Bibi Asia alikinyakua, akakila.

"Acha nikusaidie, babu. Kwa meno hayo mawili utamaliza Idi ijayo."

"Kula, mchawi wewe," alijibu mzee bila hata kugeuka. "Mumeo alikufa kwa kelele zako, mimi nitakufa kwa njaa."

Mikidadi alidhani ngumi zinafuata, akatafuta mlango kwa macho. Lakini watu walikuwa wakicheka, na Mama Editha, aliyekuwa akipita na birika la chai, alimtuliza.

"Watani hao, usiwashangae. Ukoo wa bibi na ukoo wa mzee wanataniana tangu enzi za mababu. Akiitaka hata hiyo kofia, anaivua tu."

Mikidadi akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Utani alioujua yeye, mtoto wa Temeke, ulikuwa wa Simba na Yanga. Unazomewa, unazomea, kila mtu anarudi kwao na kofia yake. Hakulitilia maanani neno hilo, nasi tutakuja kumhurumia.

Kisha umeme ukakatika. Kiwiko alikuwa katikati ya ngazi, anapanda kuelekea juu ya paa. Watu waliguna, wakasonya, wakaitukana nguzo ya umeme ya mtaani pamoja na ukoo wake. Umeme uliporudi, Mama Editha alishika rimoti ili aendelee pale alipoachia, na hapo Castory akasimama juu ya benchi.

"Mama, usituibie! Sisi tumekaa gizani muda wote huu, na yeye huko alikuwa anakimbia muda wote huu! Saa haijasimama! Tupeleke mbele, pale alipofika sasa hivi!"

Mikidadi alingoja watu wamcheke. Hawakucheka. Nusu ya kibanda ilisema kweli, mzee ana hoja, hii si sizoni ya kuchezea. Bibi Asia peke yake alipinga, akazidiwa kelele. Mama Editha akapeleka mbele. Picha ilipotulia, Kiwiko alikuwa amelala chali juu ya paa, damu kifuani, simu inaita pembeni yake. Saa ikagota. Sizoni ikaisha.

Hakuna aliyejua nani kampiga, kwa sababu kupigwa kwenyewe walikuwa wamekuruka.

"Rudisha nyuma tuone," alisema Bibi Asia.

"Muda haurudi nyuma!" alisema Castory, akilengwa na machozi. "Lakini hajafa. Kiwiko hawezi kufa."

"Kafa," alisema Bartholomeo. "Angekula, angekuwa na damu ya akiba."

Mikidadi aliyasikiliza haya yote, na kitu kikampanda taratibu toka miguuni. Watu wanaoamini kwamba mtu wa kwenye flashi ya Mama Editha anaendelea kukimbia umeme ukikatika, hao si watazamaji tena. Hao ni shamba, na mvua imeshanyesha. Akafunga vifungo vya koti, akaweka miwani sawa, akaenda mbele.

"Shikamooni wazee wangu. Wengine, habari zenu. Naitwa Afisa Mikidadi, Ofisi ya Maoni ya Watazamaji, Kanda ya Mashariki. Nimekaa pale nyuma kimya kwa sababu za kikazi. Nasema kweli, nimezunguka Dodoma, nimezunguka Iringa, sijaona watazamaji wa kiwango hiki."

Walimtazama kuanzia kwenye vifungo kushuka chini, wakamwamini kufikia mfuko wa kwanza.

"Kipande kinachofuata hakijapigwa," aliendelea. "Wenye mchezo wamesimamisha kamera. Wanasubiri maoni. Watazamaji wakisema kafa, atazikwa. Wakisema hajafa, atainuka. Na yule ambaye maoni yake yatashinda, jina lake litatajwa na Kiwiko mwenyewe."

"Atalitaja jina langu?" aliuliza Castory kwa sauti ndogo.

"Akiwa anakimbia."

"Tunaandika wapi?" Bartholomeo alikuwa ameshasimama.

"Hatuandiki, kaka. Siku hizi maoni ya kuandika yanatungwa na kompyuta. Moja tu inaweza kujifanya watu wa mkoa mzima, na wenye mchezo wamechoka kudanganywa." Mikidadi aliinamisha kichwa, akionyesha jinsi udanganyifu unavyomsikitisha. "Wanataka ushahidi kwamba maoni yametoka kwa mtu mwenye mikono. Kwa hiyo kila mwenye maoni atayaleta pamoja na kitu alichokizalisha au anachokichuuza. Kompyuta itajifanya chochote, lakini haiwezi kuleta karanga."

Hoja hii iliwaingia. Bartholomeo alisema hata yeye amekuwa akiwashuku watu fulani mtandaoni. Mama Editha alipoambiwa kibanda chake ndicho kitakuwa kituo cha maoni cha kanda, alitoa chumba cha nyuma kiwe stoo, na chai ya bure kwa afisa.

Siku zilizofuata Mikidadi alifanya kazi kwa uaminifu mkubwa. Bartholomeo alileta debe la karanga kwamba Kiwiko kafa. Castory alipolisikia hilo akaleta bata kwamba hajafa. Bartholomeo akageuza debe kuwa gunia. Castory akaongeza bata wa pili, jike, anayetaga. Wakulima wakaleta mikungu ya ndizi, wauza nanasi wakaleta nanasi, na mama mmoja alileta mdalasini kwa sharti kwamba mke wa Kiwiko aache kumpigia mumewe simu wakati wa mapigano, ingawa, alisema, hicho ndicho kitu pekee cha kweli kwenye sizoni nzima. Mikidadi alipokea kila kitu kwa mikono miwili. Aliwapapasa bata vifua na kusema, "Haya ni maoni yaliyokomaa."

Lakini usiku alipokiota kile kiti, alijua karanga na bata havitakifikia. Kilichoweza kukifikia kilikuwa ndani ya stoo ya Mzee Twalibu: gunia la pilipili manga, kavu, nyeusi, ya Kinole. Gunia moja kama lile mfanyabiashara wa Kariakoo hulipokea amesimama. Na Mzee Twalibu, mpaka siku hiyo, hakuwa ametoa maoni yoyote.

Mikidadi akamfuata stoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, afisa. Karibu ukae."

"Mzee wangu, Kilakala nzima imeshasema. Wewe bado. Unamwachaje Kiwiko kwenye paa?"

Mzee Twalibu alikuwa akipepeta pilipili kwenye ungo. Hakuharakisha. "Namwonea huruma. Lakini, mwanangu, mimi mali yangu naitoa kwa mtu ninayemjua kwao. Huyu hana kwao. Hana mjomba, hana ukoo. Nitamtolea kama nani?"

Hapa ndipo mtu mwenye kiasi angeaga akaridhika na bata. Mikidadi alilitazama gunia. Akasogeza kigoda, akashusha sauti.

"Mzee, hili nilikatazwa kulisema. Bibi yake Kiwiko, mzaa mama, alitoka Kinole. Aliolewa na mtu wa meli, akapotelea ng'ambo."

Ungo ulisimama. "Mzaa mama?"

"Mzaa mama."

"Unajua kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Wa ukoo gani, huyo bibi?"

"Wenu," alisema Mikidadi.

Mzee Twalibu aliivua kofia yake, akajifunika uso. Mabega yakaanza kumtetemeka. Alitetemeka muda mrefu, na kutoka ndani ya kofia ikawa inatoka sauti ya kukwama kooni. Mikidadi, ambaye kwa namna yake alikuwa na moyo, alimpapasa mgongo.

"Mwana wetu kapigwa risasi," alisema mzee alipopata pumzi, macho yakiwa yamelowa, "na mimi nimekaa hapa nauza pilipili! Chukua gunia, afisa. Lakini mtu wetu akianguka hatukai hivihivi. Jumamosi tunaweka msiba, palepale kwa Editha. Na wewe umjuaye, ni nani wake?"

"Mimi kwake," alisema Mikidadi, na ulimi ukamtangulia, "ni kama mdogo wake kabisa."

"Basi wewe ndiye mfiwa," alisema Mzee Twalibu, akarudi ndani ya kofia.

Njiani Mikidadi alitembea kwa madaha. Msiba maana yake rambirambi, na rambirambi maana yake magunia mengine. Akamkodi dereva wa kirikuu aje Jumamosi saa nne, apakie mzigo, wateremke Dar moja kwa moja.

Jumamosi watu walijaa kuliko siku ya fainali. Mikeka ilitandikwa uani, sufuria zikapandishwa mafigani, na picha ya Kiwiko iliyokatwa kwenye bango ikatundikwa ukutani, imefungwa kitambaa cheusi. Shehe alipoombwa alikataa katakata. Alisema yeye hamswalii mtu wa kwenye flashi. Wazee wakamwelewa. Castory alikuja, ila alikaa na kundi la wasiolia, kwa msimamo kwamba marehemu hajafa. Mikidadi aliwekwa katikati, kwenye mkeka wa mfiwa, ndani ya koti lake, akipokea pole na kuhesabu kwa jicho vilivyoingia stoo. Nje kirikuu ilishafika. Alihisi kile kiti kinazunguka chini yake.

Ghafla geti likasukumwa. Lilisukumwa kwa kiwiko.

Bibi Asia aliingia mbio, sikioni amebana kipande cha sabuni ya mche, mkono wa pili ameshika gunzi la muhindi amelielekeza mbele. Nyuma yake walimfuata watu wa ukoo wake, wanawake kwa wanaume, wakiiga mlio wa saa kwa ndimi zao.

"Hakuna kusogea!" alipiga kelele. "Bomu liko wapi?"

Waliokuwa wakilia walinyamaza. Kisha mmoja akacheka, na ua mzima ukafuata. Bibi Asia aliuzunguka uwanja kwa mbio za mtu mzima mwenye magoti mabovu, akajibanza nyuma ya pipa, akachungulia, akazunguka tena. Alipoifikia sufuria alisimama.

"Sijala tangu kipande cha kwanza!" alisema, akafunua mfuniko kwa kiwiko, akachomoa mnofu. Bartholomeo alilala kwenye mkeka kwa kucheka.

Mikidadi naye alitabasamu, kwa kipimo cha mfiwa. Hata bibi alipomjia, akaitumbukiza sabuni mfukoni mwake na kuichomoa simu yake, "Yangu imeisha chaji," bado alitabasamu. Ataidai baadaye.

"Marehemu kaacha nini?" Bibi Asia aliuliza ua mzima.

"Aah, mtani, usituonee!" aliomboleza Mzee Twalibu kutoka kwenye mkeka wake. "Ni pilipili kidogo tu, na karanga, na bata wawili!"

"Leteni!"

Vijana wa ukoo wa bibi wakaingia stoo. Gunia la pilipili likatoka. Karanga zikatoka, nanasi, ndizi, mdalasini, na bata wakibebwa kichwa chini huku wakitoa maoni yao. Vyote vikapandishwa kwenye kirikuu, na Mikidadi moyoni akashukuru, maana alikuwa akijiuliza atapata wapi wapakiaji. Alishukuru mpaka alipomwona Bibi Asia amefungua mlango wa mbele, kwa kiwiko, na kuketi karibu na dereva.

"Kinole," alisema Bibi Asia.

Mikidadi aliinuka, akaukanyaga mkeka kwa viatu. "Samahani bibi, hizo ni sampuli za maoni. Ni za ofisi."

"Ni mali ya msiba."

"Dereva! Mwambie ashuke."

Dereva alikuwa mtu wa Matombo. Alimtazama Mikidadi kwa masikitiko. "Bosi, mtani akishika mali ya msiba, mimi namshushaje? Nina mama yangu huko juu."

"Kaa, mdogo wa marehemu," alisema Mzee Twalibu kwa upole. "Mtani anachukua anachotaka, na mfiwa hamkasirikii. Ndivyo tulivyo."

Jasho lilianza kumtoka Mikidadi ndani ya koti. Yule mtu wa vyeo vingi ndani yake alitafuta mlango, na mlango wa kwanza alioupata akauparamia. "Jamani, mbona mmeweka msiba? Kiwiko hajafa!"

"Nilisema mimi!" Castory aliruka.

"Ngoja," alisema Bartholomeo, akiinuka taratibu, na safari hii hakucheka. "Umejuaje? Si ulituambia kipande hakijapigwa? Kama mwisho unaujua, karanga zangu ulizipokea za nini?"

Watu wote walimgeukia Mikidadi, na kati yao kulikuwa na wabeba mizigo wa sokoni. Akisema hajafa, amejishtaki. Akisema kafa, gunia linapanda mlimani. Ulibaki mlango wa tatu, wa kusema kwamba Kiwiko si mtu, hana bibi Kinole wala paa, ni picha tu. Huo, mbele ya watu waliotandika mikeka na kupika, hata yeye aliona haya kuugusa.

"Uchungu huo," Bibi Asia alisema kutoka dirishani. "Mfiwa anaweweseka. Haya, tuambie. Kafa, au hajafa?"

Mikidadi alirudi kwenye mkeka. "Kafa."

"Hatujasikia huku."

"Kafa!"

"Basi lia, usione haya. Alikuwa kaka yako."

Na Mikidadi akalia. Alianza kwa kuigiza, kama ilivyo taaluma yake, lakini alipoliona gunia la pilipili nyuma ya kirikuu, kile kiti kilizunguka mara moja machoni pake na kutokomea, na machozi yakaja yenyewe, ya moto, na kamasi. Wanawake walisema hawajaona mwanamume anayempenda kaka yake namna hiyo. Wakati anajifuta, Bibi Asia alikuwa ameshashuka na kulishika koti kwenye kola.

"Hili langu, bibi!"

"Mdogo huvaa la kaka. La marehemu hili. Vua."

Kirikuu ilipoondoka, ndani yake bibi kizee akiwa amevaa bluu, Mikidadi alibaki katikati ya ua na fulana yenye tundu kwapani. Mama Editha alimletea chai. Safari hii alimtoza pesa.

Mvua za vuli zilimkuta bado Morogoro. Alijaribu mara mbili kuwa mtu fulani, lakini bila koti cheo hakikuja, alifungua mdomo, na mtu akamwambia, "Oya, pisha njia." Kisha likaenea neno kwamba sizoni mpya ya *Mshale wa Saa* imefika. Alijiambia haendi. Mchana huohuo alijikuta mbele ya pazia la gunia.

Mlangoni aliketi Bibi Asia. Mama Editha alikuwa amempa kazi ya kukusanya viingilio, maana hakuna aliyethubutu kumkwepa. Alikuwa amevaa koti, mikono ameikunja, na kusema kweli lilimkaa.

"Afisa," alisema. "Umepona msiba?"

"Gunia liko wapi?"

"Lilirudi kwa Twalibu. Karanga zilirudi kwa mwenyewe, ila tulizotafuna njiani. Kila mtu kapata chake. Bata nimewabakiza, Castory anawatembelea."

"Mzee alinipa kwa hiari yake! Alilia mbele yangu!"

"Alilia wapi! Alikuja kwangu jioni ileile, anacheka mpaka anashindwa kuongea. Wewe uliona kofia tu." Bibi Asia alijifuta jicho kwa kiganja. "Mji mzima ulikuwa umetoa. Yeye angekunyima, angeitwa bahili mpaka Kinole. Na akishatoa, mtu mzima harudi kudai. Mtani tu ndiye anayeweza kuchukua, na wewe ukatupatia ukoo kwa mdomo wako mwenyewe. Na risasi yenyewe haikumfika Kiwiko. Nilimwambia Editha arudishe nyuma asubuhi yake, tukaona. Alikuwa amevaa fulana ya chuma, na ile damu haikuwa yake."

Toka ndani ilisikika saa ya sizoni ikianza kugonga, na watu wakaanza kunyamazishana.

"Naomba niingie, bibi."

"Toa kitu ulichokizalisha. Siku hizi kompyuta ni nyingi."

"Sina kitu."

"Mtu mzima wewe, huzalishi chochote?"

Swali hilo lilimchoma kuliko alivyotegemea. Alisimama nalo pale kwenye matope. Kisha akaivua miwani, akampa. Bibi Asia aliivaa, akautazama mlima, akamtazama yeye.

"Mbona haionyeshi kitu?"

"Haijawahi kuonyesha."

"Haya. Na maoni yako?"

Alikuwa ameyauza maoni hayo kwa pande zote mbili, kwa magunia na kwa bata, na hakuwahi kujiuliza ya kwake ni yapi. "Hajafa," alisema. "Bibi, kweli uliiona hiyo fulana? Lazima awe hajafa." Kisha akakumbuka kitu ambacho katika pirika zake zote hakuwahi kumpa bibi huyu peke yake. "Shikamoo."

"Marahaba, kompyuta," alisema Bibi Asia. "Ingia, ukae nyuma."

Mikono yake yote miwili ilikuwa mitupu, lakini pazia alilisukuma kwa kiwiko.